Kioo Namba Arobaini na Moja

Ulikuja Apia na koti lako jeupe
lililopigwa pasi kwa makaa ya vifuu,
vifungo sita, na cha sita si ndugu wa vile vitano.
Mimi ndiye niliyekufungulia mlango, Vaelupe.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili
na mikono inayonuka dawa ya kusafishia picha.

Bwana Brandes alilitazama koti
kama mtu aliyeagiza samaki akaletewa miba.
“Vua,” akasema. Nami nikatafsiri:
“Mheshimiwa, mgeni huyu anaomba,
ikiwa hapana ubaya, na kama jua halijakuchosha…”
Kwetu adabu haina ufupisho.

Akafungua sanduku. Nguo ya magome,
mkufu wa meno ya nyangumi,
rungu la watu wa Fiji, bei ingali mpinini.
Akakupa na usinga, ambao ni wa msemaji,
si wako wewe unayesemewa.
Ukaushika kama mtu ashikavyo
mtoto wa jirani aliyejikojolea:
kwa heshima, lakini mbali na mwili.

Kisogoni koleo la chuma.
Mbele jicho moja lisilopepesa.
Hesabu hadi sita, usipumue.
Kwenye nne
mwanamke akapita nje akimwita nguruwe wake,
na jina la nguruwe lilikuwa la gavana.

Usiku nilikuona ukichipuka ndani ya beseni:
meno ya nyangumi meusi, chale za mapajani zinawaka,
rungu limetulia, usinga umetulia,
na penye uso, ukungu.
“Imeharibika,” akasema, akaandika 41.
Sikumwambia kuwa ulikuwa unacheka.

Vita vikaja, Brandes akaenda zake.
Vioo viliuzwa kwa uzito
kwa mkulima wa Auckland, akaezekea banda la miche.
Nilikukuta huko, nami kibarua wa toroli,
uko darini juu ya nyanya,
jua linakula goti, linakula rungu,
kila kiangazi unapungua.
Nilipanda ngazi nikakupangusa kwa shati.

Wanao wakiuliza sura yako, nawaambia ukungu.
Hawaniamini.

Na kuna jambo sikulisema.
Siku ile, nikilikunja koti lako,
kifungo cha sita kilidondoka.
Nilikitia mfukoni.
Kingali kwangu, Vaelupe. Niwie radhi.