Chubwi

Weka kalamu chini, Teague, usimkate jina.
Najua mizani imesema nini:
ratili mia mbili na kumi na nne, na viatu juu,
na orodha yako inataka mia tatu.
Wa mia tatu tutawapata wapi sisi?
Hao huchukuliwa na vyuo vyenye viwanja vya watu elfu themanini
na mpishi wa nyama tu.
Kwetu hapa Dakota huja makombo,
nami nimekula makombo miaka ishirini na sita
wala sijalala njaa.

Mizani hupima kilichopo.
Mimi natafuta nafasi.
Nenda kwao. Omba maji ya kunywa,
mtazame mama anapoinuka,
kichwa chake kinakaribiaje kizingiti.
Uliza namba ya kiatu cha mtoto.
Kumi na tano? Kaa, pokea kahawa ya pili.
Tazama picha ya babu ukutani,
mabega yalivyolishinda koti la harusi.

Na Januari kamwone kwenye mieleka,
ukumbi unanuka jasho na bisi,
akiwa chini ya mtu mzito kuliko yeye.
Usiangalie kama anashinda.
Angalia nyonga. Angalia nyayo,
kama bado zinatafuna sakafu
wakati uso umeshakata tamaa.

Nilikuwa na mmoja, Wendell Hruska,
mtoto wa wafuga ng'ombe.
Siku ya kupimwa alipanda mizani:
mia mbili na ishirini kamili.
Aliposhuka, kaptula ikalia,
kitu kikamponyoka, kikabingirika hadi mguuni pangu.
Chubwi. Chubwi ya risasi, ya kuvulia samaki chini ya barafu.
Alizishonea kwenye pindo, mduara mzima,
kwa uzi wa mama yake.
Nikaifunika kwa kiatu.
Nikaandika mia mbili na ishirini.

Tukamlisha. Mayai manane alfajiri,
viazi, wali, siagi ya karanga kwa kijiko,
saa nane ya usiku simu inalia: amka, kunywa maziwa, lala.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila kibaba chake kilikuwa na tundu;
alichokula asubuhi alikikimbia jioni.
Novemba alilia ndani ya gari langu,
mkate umemkaa mkononi,
akasema, Kocha, nimechoka kutafuna.
Hilo, Teague, halina safu kwenye orodha yako.

Mwaka wa kwanza hakucheza.
Wa pili alicheza dakika nne,
akabebwa kama mlango uliong'olewa.
Basi nikamfundisha kwa alichonacho: kufika kwanza.
Mzito anapoinua mkono, wewe uko kifuani mwake tayari.
Ingia chini, chini ya chini,
mnyanyue kama ndama aliyekwama topeni,
si kwa hasira, kwa magoti.

Mwaka wa nne: mia mbili na themanini na moja.
Kaptula ilikuwa kimya.
Lakini uliza mjini nani anamjua.
Watu humjua mkimbiaji.
Mlinzi wa mstari hutajwa kwenye kipaza sauti
siku anapomshika mtu jezi,
na Hruska, mechi kumi na moja,
hakutajwa hata mara moja.
Mama yake aliendesha saa tatu kila Jumamosi
kuja kuusikiliza huo ukimya.

Siku hizi ni fundi bomba.
Amerudi mwembamba; magoti humwambia theluji inakuja.
Nilimkuta dukani kabla ya Krismasi,
koti letu la chuo linamning'inia
kama hema watu walipokwisha kuondoka.
Sikujua nimpongeze au nimwombe radhi.
Tukazungumza habari za samaki.

Fungua droo ile ya chini.
Nyuma ya filimbi. Hiyo.
Ishike kidogo, upate uzito wake,
kisha mpigie simu huyu wako wa mia mbili na kumi na nne.
Akipokea mama,
anza na kiatu.