Hesabu ya Mguu wa Shaame

Imeandikwa nyuma ya daftari lake la chuoni:
duka la dawa, Wete, laki mbili na nusu;
Bi Time, gari ya usiku hadi Chake, elfu arubaini;
hospitali, laki tisa na sitini.
Bangili yangu iko rehani. Hiyo sikuiandika,
mkono unajua.

Leo nimekwenda na risiti zote kwenye mkoba wa ukili,
nikamwambia karani: Mwanangu, hesabu tena.
Kitanda mmekitoza siku tisa,
sisi tumelala saba.
Akabonyeza kikokotoo, akakuna kichwa,
akafuta.
Mwenye duka naye kakubali
elfu ishirini kila mwezi,
na vikonyo vikiuzwa, nizidishe.

Deni halipungui kwa kujificha chooni
kila mtu akipiga hodi.
Nilijaribu.

Usiku Shaame kaegemeza magongo ukutani,
ananisomea mistari iliyobaki.
Mara akanyamaza. Akauliza:
Na Faki wa Limbani, aliyetoa chupa ya damu,
yeye tumwandike wapi?

Nikashika kalamu
mpaka tukuza ikaisha,
taa ikazima.