Jumatano, Nje ya Soko la Wanawake

Slaidi ya kwanza ilikuwa ramani.
Ibra ilikuwa kitone chekundu,
kitone kisicho na vumbi wala jua,
na mshale umetoka Nairobi ukapinda juu ya bahari
kama mtu aliyerusha jiwe bila kuangalia litaangukia wapi.
"Miaka mitatu, matawi matano," alisema Bi Nyaguthii,
nasi tukapiga makofi, mimi kuliko wote,
kwa kuwa jiwe lenyewe ni mimi.

Tukakodi nyumba nyuma ya kituo cha petroli.
Vyumba vinne vya kulala vikawa madarasa manne,
baraza ya wageni ikawa ofisi,
bwawa la kuogelea tukalijaza mchanga, tukaliita uwanja.
Viyoyozi kumi na kimoja.
Leseni ilichukua miezi saba,
mihuri tisa, na kahawa isiyo na idadi.
Karo niliiandika kwa riali,
nikaipunguza baisa mia, nikazirudisha,
kama muuza nyanya anayebishana na mizani yake.

Wanafunzi thelathini na wawili.
Jedwali lilitaka mia na ishirini.

Basi Jumatano nikaenda sokoni na vipeperushi mia tano,
karatasi nzito, mtoto anacheka na darubini.
Mlinzi akainua kiganja:
hili soko la wanawake, mwanamume haingii.
Nikasimama langoni saa tatu nzima,
shati limenigandia mgongoni,
nikimgawia kila mume anayemsubiri mkewe garini.
Mmoja alijipepea nacho.
Mwingine alifunikia usukani.
Nayaandika hapa
kwa sababu ripoti haina safu ya aibu.

Muhula wa pili idadi ikapanda.
Si kote. Nilitia alama nyumba kwa nyumba, wino wa kijani,
na kijani kikafuata barabara moja tu:
njia ya basi namba mbili,
ikakata kona msikitini, ikavuka wadi,
ikaishia kwenye mitende.
Basi namba moja, hakuna mtoto mpya hata mmoja.
Rangi sawa, karo ile ile.

Nikapanda namba mbili, saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Msaidizi wa basi, Zuweina binti Humaid,
mzaliwa wa Chake Chake, aliyeletwa Ibra na baba yake akiwa wa miaka tisa,
hakungoja honi. Alishuka kila mlango.
"Hodi wenyewe! Kalalaje huyu? Homa imeshuka?"
Na ndani bibi akajibu kwa Kiswahili cha jikoni,
kile ambacho wajukuu hukisikia, hawakijibu:
"Imeshuka, ila usimkalishe chini ya kiyoyozi."
Na Zuweina hakumkalisha chini ya kiyoyozi.
Mkakati wote ulikuwa huo.
Nilitafuta mwingine, sikuuona.

Siku wadi ilipokuja na basi likakwama ng'ambo,
aliwapigia simu akina mama kumi na tisa, mmoja mmoja,
kabla hawajaanza kuogopa.

Nikaandika Nairobi: mwongezeni mshahara.
Wakanijibu kwa slaidi.
Nguzo ya Tatu, Ukaribu na Mteja,
na picha ya mwanamke asiye Zuweina
anayetabasamu tabasamu lisilojua alfajiri.
Wameagiza programu ya simu
itakayotuma "Hodi" kwa wazazi wote, lugha nne, sekunde moja.
Fedha zake zimetoka kwenye fungu la wasaidizi wa basi.

Leo Jumatano tena. Zuweina yumo sokoni,
nasikia anavyovunja bei ya ubani.
Jumapili anaanza kazi kwa washindani wetu;
ameniambia mwenyewe, akipita langoni,
kisha akaniuliza kama nimekula,
akanipa kibakuli cha halwa.

Nimesimama na mkono mmoja umenata sukari.
Simu inatetemeka mfukoni: Hodi.
Inatetemeka tena: Hodi.
Natazama huku na huku
nimjue wa kumwambia karibu.