Sifuri kutoka Mshomoroni

Saa kumi na dakika tano, alfajiri,
skrini ikaniletea sifuri.
Sifuri ya duara, safi, isiyo na haya,
kutoka paa la shule ya Mshomoroni.
Mtwapa ilikwisha andika hamsini na mbili,
Tudor arubaini na tisa,
na dirisha langu mwenyewe lilikuwa likipigwa makonde.
Nikajiambia: mvua ya pwani ina mapendeleo,
huilowesha pembe moja ya ng'ombe, ikaiacha ya pili.
Nikaiamini.
Miaka minne nilisomea kuisikiliza mashine;
kuibishia sikufunzwa.

Saa kumi na mbili simu ikalia.
"Chengo hapa, bawabu. Kuna mtoto, ana nambari."
Mtoto akapokea, akavuta pumzi:
"Sabini na nne."
Sabini na nne nini?
"Milimita. Nimesoma bondeni mwa maji,
pale yanapojipinda, si kule yanakopanda ukutani.
Si ulitufundisha wewe?"

Nilimfundisha, kweli, siku ya uzinduzi,
ili wageni wapate picha.
Mbeyu Kalama, gredi ya saba.
Chombo chake chupa ya soda ya lita mbili,
shingo imekatwa, ikapinduliwa iwe faneli,
rula imebanwa kwa mpira wa baiskeli,
kokoto chini isije ikapeperuka,
na maji kidogo juu ya kokoto, hadi mstari wa kwanza.
Sifuri yake yeye ina maji ndani.

Siku ile tulikutana hotelini Nyali:
idara ya hali ya hewa, watu wa maji, watu wa bandari,
chuo, na wale wa ng'ambo
waliokuja na vihisi vimelala kwenye sponji kama mayai.
Tulitia sahihi kurasa kumi na moja.
Neno ubia halikukosa hata ukurasa mmoja.
Chengo, mwenye ufunguo wa paa,
hakuwamo hata kwenye tanbihi.

Nikaenda. Njia nzima maji magotini.
Bi Zuleha wa mabajia amepandisha unga juu ya kabati,
jiko juu ya meza, paka juu ya jiko.
"Mashine yenu imesemaje?"
Nikajitia sikusikia.

Juu ya paa paneli inang'aa, betri hai, laini ina salio.
Ila kooni mwa kipimamvua
kunguru ameshindilia kifuniko, waya, na utumbo wa kuku.
Maji yalijaa juu pomoni, yakamwagika pembeni,
na chini vijiko viwili vikavu
vilikuwa vikingoja tone la kwanza
kwa uaminifu wote wa chuma.
Haikusema uongo. Iliulizwa, umepokea nini?
Ikajibu, sijapokea.
Mwongo ni aliyeandika: mvua haikunyesha.

Dalili ya mvua ni mawingu, hilo tumelirithi.
Dalili ya sifuri je?

Fundi Bajaber wa Bombolulu
alichomelea spoku za baiskeli kuuzunguka mdomo,
zimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka.
Pesa alikataa. Alitaka nambari
ziingie simuni mwake kila asubuhi, "kama kwa mabwana."
Zinaingia. Kwa Chengo pia.
Bi Zuleha husomewa na mwanawe, kisha huamua unga ukae wapi.

Na ile sabini na nne?
Mfumo uliikataa mara tatu.
Nambari ya usajili ya chombo, ukadai.
Nikaigeuza chupa, nikaandika kilichochapwa ubavuni:
tarehe ya soda kuharibika.
Ukapokea.

Leo Mbeyu amepiga tena.
"Yako imesema ngapi?"
Kumi na mbili nukta nne.
"Yangu kumi na tatu."
Kimya. Nasikia matone kwenye mabati ya upande wake.
"Basi panda," akasema, "ukatazame."