Rangi ya Kuuzia

Dalali kasema: kizuri chajiuza,
ila kwanza kioshwe uso.
Nikapaka ukuta rangi ya mchanga,
Mabela nzima ni hiyo hiyo;
geti nikalipa kijani,
kopo la pili likaishia kwenye bawaba.

Asumini niliipanda chini ya kiyoyozi.
Tone, tone, tangu Mei
imekunywa jasho la nyumba, ikashika.

Jana kaja mnunuzi na mkewe, Bi Ghaniya.
Mume kahesabu vyumba.
Mke kabaki nje juani,
kachuma ua moja bila kuuliza,
kalifutika ndani ya ushungi
kama aliyefika kwake.

Nikasema bei imepanda.
Dalali akanitumbulia macho: hadi ngapi?

Nikamwambia asiegemee geti,
rangi bado mbichi.