Gia Ngapi

Duka la Adérito halitoshi watu watatu:
yeye, mimi, na baiskeli juu ya kaunta
imejikunja kama mtu aliyekumbatia magoti.

"Gia mbili," anasema. "Nyepesi.
Utaipandisha ngazi za treni kwa mkono mmoja."
"Na mlima?"
"Mlima upi?"
Namtazama. Porto nzima ni mlima.
Toka stesheni ya Campanhã hadi maabara
ninakochonga meno ya bandia
kuna barabara ya mawe ambayo hata paka
huipanda kwa vituo.

"Basi sita."
Bei inapanda kabla yangu.
Nayahesabu meno ya nyuma kwa kidole, mazoea ya kazi:
kumi na matatu, kumi na sita,
hakuna pengo.

Madigadi nayataka, mvua ya Novemba haina adabu.
Keria, hapana.
Taa ya dinamo, ndiyo; nimechoka
kulisha vitu umeme kila usiku.
Kengele ananipa bure, ya shaba,
ina mlio wa kijiko kwenye glasi.

Kisha nainyanyua.

Kilo kumi na tatu na ushee.
Mgongo wangu una miaka hamsini na nane,
nao haukuulizwa.

"Toa gia tatu," nasema.
"Na kengele?"
"Kengele iache."

Pale penye duka la mikate nitashuka,
nitasukuma taratibu
huku nikijifanya nachagua mkate.