Tunda la Wagonjwa

Matufaha manne, shilingi mia na ishirini,
nimeyanunua kwa Mutheu, pale Mutindwa.
"Nipe yaliyokunjamana," nikamwambia, akacheka:
wateja wake hutaka yang'aayo, yenye vibandiko.
Mimi nataka yenye umri,
yaliyokwisha kuusahau uchachu.

Nyumbani mama yuko kwenye kiti chake cha plastiki,
miguu juu ya stuli, kama hakimu aliyesimamishwa kazi.
Miaka thelathini na mmoja alikaanga mandazi
langoni mwa kiwanda cha sabuni,
akawajua wafanyakazi kwa njaa zao, si kwa majina.
Mwezi uliopita daktari aliandika neno moja,
sukari,
akalipigia mstari.
Tangu siku hiyo mama hunywa chai
kama mtu anayemeza tusi.

Zamani tufaha lilikuwa tunda la wagonjwa.
Hukulionja mpaka mtu alazwe.
Lilifungwa gazetini, likapelekwa wodini,
likakaa kando ya kitanda likinukia.
Baba hakuweza kulitafuna,
basi lilirudi nyumbani jioni,
mama akalikata vipande sita
kwa kisu kilekile cha vitunguu,
nasi tukala tukiomba, Mungu atusamehe,
baba asipone upesi.

Leo simenyi. Namwambia maganda yana faida.
"Faida ya nani?" anauliza.
Nakatakata, vipande vya ukubwa wa kucha ya gumba.
Unga wa atta vikombe viwili,
ndizi tatu zilizoiva hadi zikaona haya,
mayai, mafuta, mdalasini,
zabibu kavu nilizolaza kwenye chai ya rangi tangu jana.
Sukari je?
Nageukia dirishani, najifanya sikusikia.

Dakika ya ishirini, stima inapotea.
Jengo zima linasema "Aaa!" kwa koo moja.
Nasimama na kitambaa mkononi mbele ya oveni iliyokufa,
na ndani yake kitu
kilichoacha kuwa uji, hakijawa keki.

Hapo ndipo ninaposikia kiti cha plastiki kikilia.
"Toa jiko roshani. Makaa yako chini ya sinki.
Sufuria kubwa. Ule mchanga wa maua, mimina.
Usinitazame mimi, mimina!"
Ameinuka. Mama ameinuka bila kushika ukuta.
Anapepea kwa kifuniko cha ndoo,
anapanga makaa mekundu juu ya mfuniko,
moja, moja, kwa koleo,
kama anayetunga shanga za mjukuu.

Harufu inashuka ngazi bila kutuaga.
Baba Khasandi wa ghorofa ya pili anapanda kuomba kiberiti.
Kiberiti anacho, mfuko wa shati, nakiona.
Anakaribishwa. Anakaa.

"Bado," asema mama.
Anavunja kijiti cha ufagio mpya,
anakichoma katikati, anakichomoa, anakilamba.
"Bado." Makaa mengine mawili.
Giza limetufikia magotini,
na uso wake, kwa ule mwanga wa chini,
ni uso wa saa kumi na moja alfajiri langoni,
karai likichemka, foleni ikikohoa.
Mara ya tatu kijiti kinatoka kikavu.

Imepasuka juu. Upande mmoja umeungua,
mwingine umeinama kama kofia ya mlevi.
Mama anakata sita.
Mkono wake haujui hesabu nyingine,
ingawa tuko watatu,
na Kioko yuko Doha akilinda mlango wa wenyewe,
na Mbula hajapiga simu tangu mazishi.

Anatia kipande kinywani.
"Haina sukari," asema.
Anamumunya. Ananyamaza kitambo.
Sijui tufaha linamwambia nini humo ndani.
Baba Khasandi anaokota makombo kwa kidole kilicholowa,
amesahau alichojia.

Kisha mama anavuta sahani ya Kioko taratibu,
bila kunitazama.
"Huyu yuko mbali," asema.
"Kitaharibika."